Dada Aliyewafundisha Watu Kusema "Siji"

Habari ilinikuta nimeinama juu ya meza ya kukatia nguo, mkasi mkononi, nakata gauni la mteja aliyekuwa amekaa palepale akinisimamia ili nisimdanganye. Simu ikaita. Nilipoona ni Daktari, mwenye kliniki alikofanya kazi dada yangu, nilifurahi, kwa sababu nilijua asubuhi ile amekwenda hospitali kubwa kumtazama. Jana yake nilimwacha ameketi kitandani, amekunywa uji, ananitania kwamba blauzi niliyomshonea ina mkono mmoja wa mtu mrefu na mwingine wa mtu mfupi.

"Mama mdogo," Daktari akasema. Ananiita hivyo kwa sababu wanawe walimwita dada yangu mama mkubwa. "Uko na nani hapo?"

"Niko na mteja."

"Mwambie asogee karibu yako."

Nikajua. Mtu hasogezewi mwenzake kwa habari njema. Moyo wa Dada ulikuwa umechoka tangu mwaka uliopita, na asubuhi ile ulisimama wakati muuguzi akimfunga kitambaa cha kupimia presha. Mteja wangu aliutoa mkasi mkononi mwangu polepole, akanikalisha. Kilichonitoka kinywani ni jina la Mungu tu, tena na tena, bila neno la kulifuata. Baadaye nilipata nguvu ya kumshukuru kwamba hakumwacha alale kitandani miezi akiteseka. Kazi ya Mola haina makosa, ingawa machozi huchelewa kulielewa hilo.

Msiba wetu ulijaa watu hadi majirani wakashangaa. Walidhani Dada alikuwa mtu wa kawaida, na kweli alikuwa mtu wa kawaida. Alikaa kwenye meza ya mapokezi ya kliniki ndogo, akaandika tarehe za watu, akapokea simu. Lakini waliokuja kutupa pole walimwita Bi Zamu, na wengi hawakuwahi kulijua jina alilobatizwa. Nataka nieleze jina hilo alilipataje.

Wazazi wetu walitangulia mapema. Dada alikuwa ndiyo kwanza amemaliza shule, mimi bado nafutwa kamasi. Alipata kazi katika kampuni ya mabasi, akakaa kwenye dirisha la tiketi, na mshahara wa dirisha lile ndio ulionisomesha sekondari na kuninunulia cherehani yangu ya kwanza. Aliolewa akiwa mtu mzima, na dereva mmoja mpole ambaye Mungu hakumwacha naye muda mrefu. Hakujaliwa mtoto. Mtu akimsikitikia kwa hilo, alinionyesha mimi kwa kidole na kusema, "Huyu mmoja amenitosha, usimwone mkubwa."

Kwenye mabasi alijifunza jambo moja lililomkaa kichwani maisha yake yote. Alikuwa akiniambia: "Mkate wa jana utaupunguza bei, mtu atachovya kwenye chai. Lakini basi likiondoka na kiti kitupu, kiti hicho hakiuziki tena mpaka kiama." Ndiyo maana pale dirishani alikuwa na abiria wake wa pembeni, watu wasio na tiketi lakini wenye haraka, wamekalia mizigo yao wakimtazama usoni. Aliyelipiwa kiti akichelewa, Dada anainua kidole kimoja tu, wa pembeni anapanda.

Kampuni ya mabasi ilipokufa, Daktari alimwajiri. Kliniki ilikuwa nyumba ya chini, ukuta mmoja na duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo wagonjwa walisubiri huku wakisikia mabati yakishushwa. Kulikuwa na chumba cha Daktari, chumba cha sindano, dirisha la dawa, na sebule yenye sakafu ya saruji na viti vya plastiki visivyofanana. Meza ya Dada ilitazamana na mlango. Juu yake palikuwa na simu na kalamu iliyofungwa kamba, maana, kama alivyosema, wagonjwa husahau dawa lakini kalamu hawasahau.

Aliipenda kazi ile tangu siku ya kwanza. Baada ya muda, hata hivyo, nilianza kumwona anarudi nyumbani kimya, anavua viatu na kubaki ameketi bila kuwasha taa.

"Umegombana na nani?" nikamuuliza siku moja.

"Na viti," akasema.

Wagonjwa walikuwa wakiandikiwa tarehe na hawatokei. Mmoja wiki hii, watatu wiki ijayo, kisha ikawa desturi. Kila Alhamisi alikuja daktari wa macho kutoka mjini, na huyo alilipwa kwa siku, aone watu wengi au amwone mmoja. Alhamisi nyingine alikaa akasoma gazeti mpaka kwenye matangazo ya viwanja. Chupa ya chanjo ilifunguliwa kwa ajili ya watoto kadhaa, akatokea mmoja, na iliyobaki ikamwagwa kwa sababu hailali. Muuguzi alilipwa kwa kukaa. Dawa za wagonjwa wa presha zilinunuliwa kwa hesabu yao, zikangojea rafuni mpaka muda wake ukaisha. Kodi ya nyumba na umeme havikuuliza nani amekuja na nani hakuja.

Mke wa Daktari ndiye aliyeshika hesabu. Mama yule hakuwa mtu wa maneno mengi, ila siku moja alimwambia Dada jambo ambalo alinirudia nalo nyumbani likiwa bado linamchoma: "Mgonjwa asiyekuja anatutia hasara kuliko anayekuja asilipe. Huyu asiyelipa angalau amepona."

Mishahara ikaanza kuchelewa. Kisha Daktari akawakusanya, akawaambia ukweli bila kuuzungusha. Mkataba wa nyumba ulikuwa unaisha mwisho wa mwaka. Hali ikiendelea hivi hatauongeza. Atafunga kliniki, arudi kuajiriwa hospitali kubwa. Wala hakumlaumu mtu. Alisema ameomba sana juu ya jambo hilo na bado hajaona njia.

Jioni ile nilimwambia Dada asiogope, cherehani yangu itatulisha wote wawili.

"Mimi siogopi njaa, we mtoto," akanijibu. "Nitapata kibarua hata cha kufua. Yule bibi wa sukari mwenye kidonda mguuni ataenda wapi? Hospitali kubwa anatoka alfajiri anarudi jioni, na huo mguu? Watakuja kuukata."

Kuanzia hapo tuliomba pamoja kila jioni, na ombi letu lilikuwa moja: mlango ule usifungwe.

Kwanza walijaribu shauri la mke wa Daktari. Anayetaka tarehe alipe kidogo kabla, akija inahesabiwa, asipokuja imekwenda. Watu waliacha kutokuja, kwa sababu waliacha hata kuandikisha.

Wakajaribu la Daktari mwenyewe: kiti kimoja wapewe watu wawili, maana mmoja wao lazima atakosa. Na Mungu ana ucheshi wake, siku hiyo walikuja wote. Sebule ikafurika hadi barazani. Wazee wawili, wote wamevaa makoti kama wanakwenda harusini, walishikilia kadi zenye saa ileile.

"Mzee mwenzangu, hapa ni pangu," akasema wa kwanza.

"Pako wapi? Umejenga?"

"Nimeandikiwa!"

"Na mimi hii nimechorewa?"

"Basi tuingie wote. Akikupima wewe nitavua shati mimi."

Watu walicheka, lakini wazee wale hawakurudi tena, na wengine waliongoja mpaka adhuhuri walikwenda wakiisema kliniki huko nje. Dada alisema hapo ndipo walipokaribia kuufunga mlango kwa mikono yao wenyewe.

Kisha akajaribu lake. Naye pia alikosea. Akitoka kazini kwa mapumziko ya mchana alipita mitaani kuwatafuta waliokosa, mmoja mmoja, akidhani akiwaona uso kwa uso wataona haya. Siku moja alipita kwenye karakana ya fundi seremala, mgonjwa wa presha, mtu mnene mcheshi aliyejulikana mtaa mzima. Fundi alikuwa amesimama na wateja, kitanda cha watu kimeegeshwa ukutani. Dada akapaza sauti kutoka barabarani kama alivyozoea kuita abiria:

"Fundi! Mbona jana hukuja kupimwa presha? Daktari kakungoja!"

Mteja mmoja akageuka. "Kumbe una presha, fundi? Hebu niambie, kitaisha kwanza kitanda changu au wewe?"

Wakacheka wote isipokuwa fundi. Alasiri alikuja kliniki, akasimama katikati ya sebule, akasema kwa sauti kwamba amekuja hapo kutibiwa siri zake na si kutangaziwa. Alisema kweli, na Dada alijua hivyo. Usiku ule hakula. Kesho yake jioni aliniomba nimsindikize kuomba radhi, kwa hiyo maneno ya karakanani niliyasikia kwa masikio yangu.

Tulimkuta peke yake, anapiga randa ubao, maranda yamemfika vifundoni. Hakutukaribisha wala hakutufukuza. Dada alikaa juu ya gogo bila kuambiwa.

"Fundi, kaka yangu, nimekuja kuomba radhi. Nimekuvua nguo mbele ya watu."

"Umenivua," akasema fundi, randa inakwenda. "Tena mbele ya mteja anayelipa taslimu. Hao ni wa kutafuta kwa tochi."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu jana. Hasira zangu ni kama gundi ya bei rahisi, hazishiki."

Dada akavuta pumzi. Nilidhani tutaondoka, lakini hakuwa mtu wa kuondoka na swali tumboni.

"Sasa niambie, kaka. Majuzi nilikupigia simu. Nikakuuliza, kesho utakuja? Ukaniambia ndiyo, bila shaka, Mungu akipenda."

"Nilisema."

"Ulijua hutakuja?"

"Nilijua. Nilikuwa na mbao za kwenda kuchukua."

"Ehe, sasa?"

Fundi akaweka randa chini. "Sasa ulitaka nikujibu nini? Mwanamke mstaarabu ananipigia simu. Ananijulia hali, anauliza watoto, anauliza mpaka kifaranga cha jirani, halafu kwa sauti hiyo laini ananiuliza, utakuja? Nimjibu hapana? Kwetu sikulelewa hivyo!"

"Lakini umenidanganya."

"Nilikuheshimu. Huyu mdogo wako si fundi cherehani? Muulize. Mteja akimuuliza, nguo itakuwa tayari Jumamosi, anasemaje?"

Dada akanigeukia. Mimi nikawa natazama mbao.

"Anasema ndiyo," fundi akajibu kwa niaba yangu. "Na mteja anajua haitakuwa tayari. Naye fundi anajua kwamba mteja anajua. Jumamosi hakuna anayekuja, Jumatano inayofuata mteja anachukua nguo yake. Amani tupu."

Tulicheka mpaka Dada akajifuta macho kwa kanga. Kisha fundi akasema, sasa bila mzaha, "Na kusema kweli, Bi dada, sikujua kama kuna mtu anaumia. Nilifikiri nisipokuja ninampunguzia Daktari kazi. Nilisema moyoni, maskini, leo atapumzika."

Tukarudi mpaka kwenye kona ya nyumbani. Hapo Dada akasimama.

"Tunawauliza watu swali lenye jibu moja," akasema. "Mtu akikuuliza utakuja, adabu inataka useme ndiyo. Hawa watu si waongo. Wana adabu kupita kiasi."

"Sasa utawauliza nini?"

"Sijui. Lakini kwenye mabasi sikumuuliza mtu kama atasafiri. Nilikuwa na wa pembeni."

Kesho yake alikwenda kwa Daktari na mkewe, akawaeleza maneno ya fundi yote, hata ya kupumzika. Daktari alicheka, kisha akashika kichwa, akasema kumbe miaka yote hii watu wamekuwa wakimhurumia mpaka wanamfilisi. Wakakaa watatu wakapanga. Dada alitaka waandike pembeni watu wanaokaa karibu na wanaoweza kuja wakiitwa muda wowote: mwenye duka la nguo, mwalimu aliyestaafu, mama wa mikate, vijana wa duka la vifaa vya ujenzi. Daktari akaongeza kwamba wasiitwe wenye maradhi ya haraka, hao waje bila kungoja nafasi. Mke wa Daktari ndiye aliyeshtuka.

"Yaani tuwaambie watu ni ruhusa kutokuja? Si tutawafundisha kutokuja!"

"Mama, kutokuja wanakujua tayari," Dada akasema. "Tunawafundisha kuaga."

Kuanzia wiki hiyo hakumuuliza mtu tena kama atakuja. Alipiga simu, akajulia hali, akauliza, "Alhamisi una shughuli gani?" na akanyamaza kabisa mpaka mtu amalize. Watu hawasemi uongo wakiulizwa shughuli zao, huzimwaga zote. Akisikia safari, mgeni, mbao za kuchukua, alisema, "Basi kuna mwenzako anaumwa jicho na hana nafasi. Unampa kiti chako, au unakitaka mwenyewe?" Hapo mtu hakuwa amemkatalia Dada kitu, na mwenzake alikuwa amepata msaada. Adabu yake ilibaki nzima, na kliniki ikapata mgonjwa.

Haikuwa rahisi. Kwa wiki kadhaa watu waliendelea kusema ndiyo kwa mazoea. Wengine walidhani ni mtego. Na Dada mwenyewe alikuwa na ukaidi wake, nisimfanye malaika. Alipiga simu watu wakiwa mezani, na ukimwambia ngoja kidogo, alikuwa akingoja palepale simuni, unamsikia anapumua.

Wa kwanza kupiga simu mwenyewe, bila kuulizwa, alikuwa yule bibi wa sukari. Muuguzi alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Bibi alizungumza kwa woga kama mtu anayeungama.

"Mwanangu, leo siji. Mjukuu kaumwa, hakuna wa kukaa naye. Nimekukosea?"

"Bibi, umenipa zawadi!" Dada akapiga kelele. "Kiti chako nampa mama wa mikate, na wewe nakuandika kesho asubuhi. Kidonda kinaendeleaje?"

Alipoweka simu chini alipiga makofi, peke yake, mbele ya sebule nzima. Mama wa mikate alikuja na unga kwenye nywele. Kesho yake bibi alikuja, mguu ukafungwa, na mguu huo alikwenda nao kaburini miaka mingi baadaye, ukiwa mzima.

Likawa neno la mtaani. "Mpe mwenzangu zamu," watu walikuwa wakisema simuni, na wakaanza kumwita Bi Zamu.

Lakini mwisho wa mwaka ulikuwa unakuja, na daktari wa macho alikuwa ameshasema akirudi tena kusoma gazeti, ataacha kuja. Bila yeye Alhamisi ingekufa, na hesabu za mke wa Daktari zilionyesha wazi kwamba bila Alhamisi kodi haitoshi. Daktari akasema Alhamisi inayokuja ndiyo atakayoitazama kabla hajakwenda kwa mwenye nyumba.

Alhamisi hiyo mvua ilianza kabla ya alfajiri. Si mvua ya kusema itapita. Barabara ya ng'ambo ikajaa maji, na ng'ambo ndiko walikokaa wagonjwa wengi wa siku hiyo. Nilipompelekea Dada mwavuli nilimkuta ameketi mezani, mikono imefumbatana, midomo inacheza. Alikuwa anaomba.

Simu ikaita. Akaipokea, akasikiliza.

"Haya, kaka, asante. Nampa mwenzako."

Haijapoa ikaita tena. Na tena. Watu wa ng'ambo, waliokuwa zamani wakikaa kimya nyumbani na kumhurumia Daktari, walikuwa wanapiga mmoja baada ya mwingine kusema njia haipitiki. Kwa kuwa walisema mapema, aliweza kuwaita wa karibu. Wawili simu zao hazikupatikana. Akanigeukia.

"Mdogo wangu, kimbia. Mwalimu mstaafu na mwenye duka la nguo. Na usipige kelele barabarani!"

"Nimwambie nini mwalimu?"

"Mwambie Bi Zamu anakuita. Basi. Presha yake, jicho lake, hata jina lake usilitaje!"

Nilikimbia kwenye tope, kiatu kimoja kikabaki huko mpaka leo. Mwalimu alikuja amejifunika gunia. Vijana wa vifaa vya ujenzi walivuka ukuta tu. Mama wa mikate alikuja na mumewe, ambaye kwa miaka alikuwa akisema haoni vizuri lakini hana muda wa kwenda kuambiwa hivyo. Sebule ikajaa harufu ya nguo mbichi. Daktari wa macho alipofika, amechelewa, suruali imelowa magotini, alitazama viti vilivyojaa akadhani amekosea nyumba.

Jioni alitoka chumbani anajinyoosha mgongo. Chai yake ya mchana ilikuwa bado mezani, imepoa, haijaguswa.

"Mama," akamwambia Dada, "leo mmenitesa vizuri sana. Alhamisi ijayo nije mapema?"

Mke wa Daktari alijifungia na hesabu zake, na alipotoka alimtazama mumewe akatikisa kichwa juu na chini. Daktari alichukua koti akatoka mvuani kwenda kwa mwenye nyumba. Dada alimngoja, nami nikamngojea Dada, tukiwa tumekaa kwenye viti vya plastiki kama wagonjwa. Daktari aliporudi alisema maneno mawili tu: "Tumeongeza mkataba." Dada aliinuka, akaingia chumba cha sindano, akafunga mlango. Nilimsikia akilia na kumshukuru Mungu kwa sauti ya chini.

Mkataba ule uliongezwa tena, na tena. Kliniki haikuwa tajiri, na watu wa kukosa bila kuaga hawakuisha, kwa sababu binadamu ni binadamu. Lakini chanjo iliyomwagwa ikawa habari ya nadra, mishahara ikaja kwa wakati, na Dada akazeeka kwenye meza ile. Wageni wa mtaani walidhani yeye ndiye mwenye kliniki. Mwaka uliopita moyo ulipoanza kumsumbua, alimfundisha binti mmoja kazi yake. Nilimsikia akimwambia, "Ukiuliza, nyamaza. Usimsaidie mtu kujibu." Ni jambo dogo, lakini tangu afe nimekuwa nikilifikiria ninapoomba. Alikuwa na kipaji cha kumwachia mtu nafasi aseme kweli bila kuaibika, na naamini kipaji hicho kilitoka kwa Mungu.

Siku ya pili ya msiba, Daktari na mkewe walikuja nyumbani. Daktari alisema kesho, siku ya mazishi, atafunga kliniki kutwa nzima kwa heshima yake. Kesho hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilimshukuru, nikamwomba asifanye hivyo, kwa sababu watu walikuwa wameandikiwa, na nilimjua dada yangu. Mke wa Daktari akasema, "Mama mdogo amesema kweli." Tukakubaliana mazishi yawe alasiri.

Asubuhi kliniki ilifunguliwa kama kawaida. Daktari wa macho aliona wagonjwa wake mpaka wa mwisho. Mchana walifunga mlango wakaja kanisani pamoja, muuguzi bado na sare.

Ibada haikuwa ndefu. Mchungaji alisoma, kwaya ikaimba nyimbo mbili alizozipenda. Tulipita mmoja mmoja kumuaga. Nilikuwa nimemvisha gauni la bluu nililolishona jana yake, nikarekebisha kola yake, nikamgusa paji la uso, nikasogea ili wengine wapite. Foleni ilichukua muda mrefu.

Makaburini jua lilikuwa kali na udongo mkavu. Wanaume wa kanisa walimshusha kwa kamba. Mchungaji aliomba. Nilitupa udongo, Daktari akafuata, kisha mkewe, kisha watu wote. Vijana wakashika makoleo wakafukia, wakapanga mawe pembeni, tukaweka maua. Tuliimba wimbo mmoja zaidi, tukasema amina, tukaondoka kabla jua halijazama.